Tikiti Kumi, Safu Mbili

Tuanze na pesa. Ukijitolea kuwanunulia wenzako kumi tikiti za sinema jijini Nairobi, utawaambia wakutumie kwa M-Pesa, na simu yako italia mara kumi. Kila ujumbe utaingia na jina la aliyetuma, lile la kwenye kitambulisho, analolijua mamake na chifu wa kwao. Kwa mabinamu wanaokwenda kutazama filamu ya Krismasi, hilo si neno. Kwa kikundi cha mashoga, wasagaji na watu waliobadili jinsia, ambao wengi wao hujuana kwa majina ya utani tu, dakika tano zinatosha kumfanya mtu mmoja ajikute na rejista ya wanachama mfukoni, na hakuna aliyemtuma aiandike. Mwenye jina la kiume kwenye kitambulisho na gauni mwilini amejitangaza kabla hajafika mlangoni.

Mijadala kuhusu watu hawa huku kwetu hupenda kupaa: Biblia, Kurani, Katiba, mila, wazungu. Huko juu kila mtu ana la kusema na hakuna anayesikiliza. Mimi nataka tushuke tukae kwenye viti vya sinema, tubishane juu ya jambo dogo. Kikundi cha namna hii kiendeshwe vipi? Kiendelee kununua tikiti kwenye kumbi za kawaida na kutazama chochote kinachoonyeshwa, au kiwe na skrini yake, filamu zake na siku yake?

Mjadala huu nimeutunga mwenyewe, na anayetaka kuzitafuta sauti zake mtaani atachoka bure. Mezani yupo Mratibu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyekianzisha kikundi bila kujua kwamba anakianzisha. Yupo Kijana mwenye wazimu wa filamu. Yupo Wakili, ambaye hucheka kwa nadra. Yupo Bibi, mzaliwa wa Mombasa, mwenye umri wa kuikumbuka sinema kabla televisheni haijaingia kwao. Na yupo Mwalimu, mstaafu, mzee wa kanisa, mjomba wa Mratibu, aliyekuja kwa sababu aliitwa na kwa sababu kuna chai.

Mratibu: Nieleze kwanza tulivyoanza. Aprili 2018 bodi inayopitisha filamu iliipiga marufuku Rafiki. Septemba mwongozaji wake, Wanuri Kahiu, akaenda mahakamani, na tarehe 21 Jaji Wilfrida Okwany akaifungulia kwa siku saba. Saba tu, kwa sababu filamu inayotaka kuwania Oscar lazima iwe imeonyeshwa kwao kwa siku hizo. Tukakimbilia Prestige, Barabara ya Ngong, kama watu wanaokwenda kuchota maji kabla mfereji haujafungwa. Mimi na wenzangu watano. Tulipotoka hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Tukasimama pale kwenye maegesho tukiongea mpaka askari akatuonyesha saa. Wiki ikaisha, filamu ikarudi kifungoni. Siku mbili baadaye mmoja wetu akaandika: Jumanne tunatazama nini? Kulikuwa na filamu ya watu kufukuzana kwa magari. Tukaenda.

Kijana: Na mmefukuzana kwa magari tangu siku hiyo.

Mratibu: Na majini, na katuni, na mpelelezi asiyekufa. Wewe huwa unakuja, unakula bisi zetu.

Kijana: Nakuja, dada, sikatai. Lakini angalia ulipoanzia. Rafiki ndiyo filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi Cannes. Chimbuko lake ni hadithi fupi ya Mganda, Monica Arac de Nyeko, iliyopata tuzo ya Caine mwaka 2007. Wasichana wawili, Kena na Ziki, baba zao wanapigania kiti kimoja cha siasa, nao wanapendana katika mtaa wa Nairobi uliopakwa waridi na zambarau. Hakuna mzungu wa kuwaokoa. Bodi ilitaka mwisho ubadilishwe, na Kahiu ameeleza mwenyewe kwamba kilichowaudhi ni matumaini. Walitaka msichana ajute. Yeye akakataa. Sasa wewe umeanza na filamu iliyokataa kujuta, ukaishia kwenye magari. Miaka yote hii tunakaa gizani tukishangilia mapenzi ya watu wengine, tukikisia ni nani kati ya wale wa pembeni anafanana na sisi.

Mwalimu: Msimamo wangu mpwa wangu anaujua. Naona wamepotea, na nawaombea, na sitasema uongo hapa ili nipendwe. Ila swali langu leo halitoki kanisani. Kama mnatazama filamu ileile anayotazama jirani yangu, kwa nini mnajipanga kama wezi? Mnagawana safu, hamtumiani pesa, hamtajani majina. Jambo safi halitembei kwa kunyata.

Bibi: Mwalimu, umewahi kusikia zanana?

Mwalimu: Ni jina la mtu?

Bibi: Si mtu. Zamani, Unguja na huku kwetu pwani, sinema zilikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Ndiyo zanana hiyo. Mamangu akitoka nyumbani kajitanda buibui, mimi nimeshika pindo nyuma, hao mpaka sinema. Mlango ukishafungwa, mabuibui yanateremka mabegani. Hapo ndipo ungeona kanga mpya na dhahabu za kuazima! Watoto wananyonya, mabinti wanapeana salamu za watu waliokatazwa kusalimiana, na kina mama wanamlilia Raj Kapoor. Awara ilitengenezwa 1951, ilikuwa imeshazeeka nilipoiona mimi, na bado ikirudi tunalia palepale tulipolia mara ya kwanza. Kihindi chenyewe hatukijui. Hakuna mwanamume aliyekuja kugonga mlango akauliza mnaficha nini humo. Na mwenye sinema hakutufanyia hisani. Alikuwa na viti vya mchana visivyokaliwa, na sisi tulikuwa na shilingi.

Mwalimu: Hao walikuwa wanawake wa heshima, wakifuata dini yao.

Bibi: Naam. Na walinyata. Basi kunyata kuna mahali ni heshima. Mimi na shoga yangu tumekwenda sinema pamoja miaka arobaini, na kila mara tulikaa safu ya nyuma, na hatukuiba kitu cha mtu.

Mwalimu alikohoa. Sina budi kuingilia hapa, kwa sababu ya neno lenyewe. Pwani, mwanamke humwita shoga mwanamke mwenzake anayemwambia siri zake, anayemtuma kwa fundi, anayemlilia kwenye msiba. Neno hilohilo likipanda basi la usiku kuja bara, likishuka Nairobi limekuwa jiwe la kumtupia mwanamume. Kahiu aliita filamu yake Rafiki kwa sababu ya hali inayokaribiana na hiyo: wengi wanaopendana hivi, wakiulizwa huyu ni nani wako, hujibu kwamba ni rafiki. Bibi hakusema shoga yake alikuwa shoga wa namna gani, na hapakuwa na mtu mezani wa kumwuliza mwanamke wa umri ule.

Wakili: Naomba tutenganishe vitu vinavyochanganywa kila siku. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni za Adhabu, alivyotuachia Mwingereza, vinaadhibu tendo. Miaka 14 kwa kimoja, mitano kwa kingine. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta, kwa hiyo vipo. Lakini hakuna kifungu kinachomkataza mtu wa namna yoyote kununua tikiti. Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, ilisema watu hawa wana haki ya kusajili shirika lao kama raia wengine. Kifungu cha 36 cha Katiba. Kukaa pamoja si kosa. Hatari ya kisheria inaanzia kwenye kuonyesha.

Kijana: Kuonyesha nini?

Wakili: Filamu. Ya mapenzi, ya kuku, yoyote. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka filamu inayoonyeshwa umma iwe na kibali. Ukinunua tikiti, kibali ni mzigo wa mwenye ukumbi. Ukitundika shuka ukutani ukaalika watu, mzigo ni wako. Utasema ni sebule, si umma. Huenda nikaishinda kesi hiyo. Lakini utakuwa umeshalala kituoni.

Kijana: Kwa hiyo tuogope karatasi?

Wakili: Karatasi ndiyo hukamata watu. Mwaka 2014 ile filamu ya Stories of Our Lives, ya Jim Chuchu na wenzake wa kundi la Nest, ilipigwa marufuku hapa baada ya kuonyeshwa Toronto. Mtayarishaji wake, George Gachara, alipokamatwa, hakukamatwa kwa ushoga. Alikamatwa kwa madai ya kupiga filamu bila leseni. Mwaka 2021 bodi ikaipiga marufuku I Am Samuel ya Peter Murimi. Unataka kuonyesha filamu hizo, sawa. Kumbuka tu kwamba Kampala walijaribu. Tamasha la Queer Kampala lilifanyika mara ya kwanza 2016 likapita. La pili, Desemba 2017, polisi wakalivamia.

Kijana: Umesema mara ya kwanza lilipita. Hilo mbona hulihesabu? Na hapa Nairobi tangu 2011 kulikuwa na Out Film Festival pale Goethe-Institut. Watu walikaa wakatazama filamu zao kwenye ukumbi wenye taa na viti.

Mratibu: Nilikuwa nakwenda. Nakubali, zilikuwa jioni nzuri. Lakini taasisi ya Ujerumani ina ukuta ambao mimi sina. Nikikodi chumba mimi, nitakodi kwenye jengo la ofisi. Umeingia jengo la ofisi mjini hivi karibuni? Mlangoni unaacha kitambulisho. Unaandika jina, namba ya simu, unakwenda kumwona nani, na saa. Watu thelathini wameandika "chumba cha mkutano, ghorofa ya nne" kwenye daftari moja la askari ambaye mshahara wake haujalipwa. Kwenye maduka makubwa wanapekua mkoba, basi. Askari anatafuta bomu, hatafuti jina. Ndiyo maana naipenda sinema ya dukani. Ni miongoni mwa mahali pachache katika jiji hili unapoingia bila kusema wewe ni nani.

Sauti ya Mratibu ilikuwa imepanda kidogo. Mazungumzo haya hubadilika mara tu anapoanza kueleza vitu kama daftari la askari, kwa sababu hapo ndipo kazi yake ilipo, na wanaomlaumu hawajawahi kuifanya. Nilimwomba aendelee.

Mratibu: Kila mtu ananunua tikiti yake mwenyewe. Mimi nasema tu: safu ya G na ya H, katikati. Kumi kwenye safu moja wanaonekana kama ujumbe wa wizara. Watano mbele na watano nyuma ni marafiki waliokutana. Asiye na pesa anamwona Bibi, ndiye mweka hazina. Kila anayeweza anamtilia noti mkobani siku ya filamu, na anayehitaji anatolewa mlemle. Hatujui nani kapewa.

Bibi: Noti haina jina.

Mratibu: Mgeni hakutani nasi gizani. Kwanza anakunywa chai mchana na watu wawili, mahali penye watu, na lazima awe ameletwa na mtu tunayemjua. Hiki si kiburi. Wapo wanaotengeneza urafiki kwenye simu, wakuite chumbani, wakuvue nguo, wakupige picha, kisha wadai pesa. Wanajua huwezi kwenda polisi. Kisha picha: hakuna kupiga. Ukinikuta sokoni na dada yangu, usinisalimie mpaka nikusalimie. Na tunakula kabla ya filamu. Zamani tulikula baada, watu wakakosa matatu, mmoja akatembea kwa mguu usiku mbele ya vijana waliomjua kwa mwendo wake. Tangu hapo tunakula saa kumi.

Kijana: Umeona hiyo hesabu yako, dada? Tikiti, chakula, nauli mbili. Mkoba wa Bibi hauwezi kumbeba kila mtu kutoka mtaa wa Kayole. Kikundi chako ni cha watu wenye mshahara. Mimi nina rafiki hajawahi kukanyaga sinema ya dukani. Projekta ya kukodi na shuka jeupe, watu ishirini wanatazama kwa bei ya tikiti zako tatu.

Hili lilimgusa Mratibu. Nilimwona akihesabu.

Mratibu: Bei ni kweli, na sina jibu zuri. Nina jibu baya tu. Kayole hiyo, kwenye nyumba ya kupanga, kuta ni nyembamba. Watu ishirini wakiingia chumba kimoja, msimamizi wa ploti anajua kabla hujafunga mlango. Mara ya kwanza ataambiwa ni siku ya kuzaliwa. Mara ya pili, ni maombi. Mara ya tatu rafiki yako huyo anapewa siku saba ahame, na hizo saba hakuna jaji wa kuziongeza. Wewe utakuwa umerudi kwenu na projekta yako.

Kijana alinyamaza. Hakukubali, alinyamaza tu, na tofauti hiyo naomba iheshimiwe.

Nitasema nilipo. Mimi niko upande wa Mratibu, ila si kwa sababu anazotoa yeye. Yeye anatetea usalama, na usalama ukiwa hoja pekee mtu huishia kukaa nyumbani. Ninachokiona mimi katika safu zake mbili ni kisingizio, na nalitumia neno hilo kwa kulisifu. Watu wetu ni mabingwa wa visingizio vya kukutana. Mtu haendi arusini, anakwenda kusaidia kumenya vitunguu. Kina mama hawakutani kuongea, wanakutana kwa ajili ya chama, na pesa zikishahesabiwa kwa dakika kumi, saa tatu zinazobaki ndizo zilizowatoa nyumbani. Aliyefukuzwa kwao, au anayeishi kwao huku amejifunga mdomo, anakosa visingizio vyote hivyo kwa mpigo. Haalikwi kumenya vitunguu. Filamu za watu kama yeye hakosi siku hizi, simu imejaa. Anachokosa ni sababu ya kuoga Jumanne saa tisa na kutoka.

Nilipoyasema haya mezani, Kijana alinirukia.

Kijana: Simu! Nimetazama filamu za watu kama mimi kwenye simu, ndani ya blanketi, sauti imezimwa, nasoma maandishi ya chini, kaka yangu amelala upande huu. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kila nikisikia nyayo ukumbini nafunga. Unajua hiyo inakufundisha nini? Inakufundisha kwamba unatosha kwenye kiganja, na kwamba lazima uweze kuzimwa haraka. Siku ile Rafiki ilipofunguliwa nilitoroka chuo. Uso wa yule msichana ulikuwa mkubwa kuliko mlango wa nyumba yetu. Na nyuma yangu walikuwa wamekaa watu nisiowajua, wengine mume na mke, wamelipa pesa yao kumtazama. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Waache watoto!" Hakuna kufukuzana kwa magari kutakakonipa hicho.

Nina hoja za kumjibu, lakini nikizipanga mbele ya mama yule wa safu ya nyuma zinakuwa nyepesi. Na yule Jaji alikuwa ameandika kitu kinachofanana na alichofanya mama huyo bila kusoma hukumu: kwamba hakuamini kuwa Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha misingi yake kutikiswa na filamu. Watu walijaza ukumbi, wakatazama, wakaenda nyumbani. Kisha mwaka 2020 Mahakama Kuu ikalikataa ombi la kuiondolea Rafiki marufuku moja kwa moja. Hata ile safari ya Oscar haikufika. Kamati ya Kenya ilichagua Supa Modo, inayohusu msichana mgonjwa ambaye kijiji chake kizima kinashirikiana kumtengenezea filamu. Sina kinyongo nayo, ni filamu ya kuliza. Ila nikiikumbuka huwa nakumbuka wale wanakijiji zaidi kuliko filamu yao. Hakuna aliyejali kama itapendeza. Walitaka mtoto asiwe peke yake. Kwa hiyo hata filamu iliyoishinda ile ya Kijana wetu kwenye kinyang'anyiro ilikuwa inasema jambo la Mratibu.

Mwalimu alikuwa kimya muda mrefu, na nilidhani amechoka.

Mwalimu: Nimefundisha miaka thelathini na moja. Kila mwaka tulikodi basi kuwapeleka wanafunzi kutazama mchezo wa setibuku. Watoto hamsini. Tukirudi ninawapa mtihani, na nakwambia kwa uaminifu, hakuna aliyekuwa ameuona mchezo. Huyu alikuwa anamtazama yule, yule anapitisha kijikaratasi. Mwaka mmoja nikataka kuifuta safari. Mwalimu mkuu akaniuliza: "Wanafunzi wako wakubwa, wakija kukutembelea, wanakumbushana nini?" Ni safari hiyo. Mchezo wenyewe hata jina wamelisahau. Sasa sisemi nakubaliana nanyi. Nasema hilo la kisingizio nalielewa, nimeligharimia mafuta ya basi.

Mratibu: Basi nikupe kisa, mjomba. Mwaka jana niliandika ujumbe wa kuwakumbusha watu wangu: Jumanne, safu ya G na H, malkia wote mje mmependeza. Nikautuma kwenye kundi la chama cha kina mama wa mtaa wetu.

Bibi: Makosa ya haraka.

Mratibu: Moyo ulisimama. Nikitaka kuufuta, tiki zimeshakuwa za samawati. Mwenyekiti akajibu: bei ni pamoja na bisi? Wakaja watatu. Wamesuka, wamevaa vitenge vya harusi. Nikawaketisha safu ya H pamoja na Kijana huyu na mwenzake. Taa hazijazimwa, ukapigwa wimbo wa taifa kama ilivyo desturi, tukasimama wote, mikono imenyooka, mimi nikiwatazama kwa pembe ya jicho. Sijui ukiwa mtu wa kawaida unasikia nini wimbo ule ukipigwa. Mimi safari ile nilisikia kwamba hakuna aliyeulizwa kitu kabla ya kuambiwa asimame. Ilikuwa filamu ya majini. Yule mwenyekiti alimshika Kijana mkono filamu nzima.

Kijana: Alinivunja vidole.

Mratibu: Wawili hawakurudi, wana kazi za nyumbani. Mmoja anakuja mpaka leo. Anatia noti kwenye mkoba kama wengine.

Mwalimu: Na anajua?

Mratibu: Mjomba, mwanamke wa miaka hamsini na tano anajua.

Mwalimu: Na hajasema kitu?

Mratibu: Alisema. Alimwambia mwenzake Kijana kwamba akiendelea kukonda hivyo atamripoti kwa mamake.

Nilitaka tufunge hapo, kwa sababu chai ilikuwa imekwisha, lakini Kijana hakuwa amemaliza. Alimgeukia Mratibu akamwambia kwamba mara moja kwa mwaka, moja tu, anataka filamu yao. Atatafuta mahali, atajua la kufanya na kibali, atamleta rafiki yake wa Kayole kwa gari la kukodi. Mratibu akasema mara moja kwa mwaka ndiyo siku ambayo jina la mtu huandikwa. Wakili akasema kuna filamu zina kibali na bado zina watu kama wao ndani, watafute hizo kwanza kabla ya kupanda ukuta. Bibi akasema yeye pesa za gari atatoa, ila asiambiwe mahali mpaka siku yenyewe. Hawakuafikiana. Kwa wanavyojuana, watabishana hivyo hivyo Jumanne kwenye foleni ya bisi.

Mwalimu alikuwa amesimama, anatafuta kofia yake.

Mwalimu: Hiyo ya Jumanne inaanza saa ngapi?

Mratibu: Saa mbili na robo.

Mwalimu: Mtatoka saa nne na nusu. Nauli ya Rongai saa hizo imepanda mara mbili, na stendi pale hakuna taa. Mnashindwa nini kwenda ya saa kumi na moja?

Mratibu: Ya saa kumi na moja ni katuni, mjomba.

Mwalimu: Basi tazameni katuni.

Mratibu: Tulishaitazama. Watu wawili walilia.